Nani Analipa? Habari za Vita vya Siri na Fedha za Magendo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena darasani.

   

Leo tutasoma habari za vita. Lakini hatutazungumza sana juu ya bunduki. Tutazungumza juu ya fedha. Kila vita vina mfuko wake. Askari hula, huvaa viatu, hupiga risasi, na risasi hununuliwa. Kwa hiyo mtu akitaka kuvifahamu vita, asiulize tu, "Nani anapigana na nani?" Na aulize pia, "Nani analipa?" Swali hilo ndilo somo letu la leo.

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa aandike maneno matano ubaoni: siri, magendo, bunge, ushahidi, uvumi. Haya, tuyasome pamoja, kisha tuyaeleze.

Siri ni jambo lililofichwa. Magendo ni biashara iliyokatazwa na sheria, au mali inayopitishwa kwa kificho ili watu wa forodha wasiione. Bunge ni baraza la watu waliochaguliwa na raia ili watunge sheria, na waamue fedha za serikali zitumiwe kwa kazi gani. Ushahidi ni jambo liwezalo kuonyeshwa: barua, hati ya malipo, maneno ya mtu aliyekula kiapo. Uvumi ni maneno yanayopita mdomo kwa mdomo, wala hapana ajuaye yalikotoka. Yashikeni sana maneno haya mawili ya mwisho. Yatatufaa mbele.

NCHI YENYEWE

Kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini kuna ukanda mwembamba wa nchi kavu, wenye bahari huku na huku. Katika ukanda huo imo nchi iitwayo Nikaragua. Upande wa kaskazini imepakana na Honduras, na upande wa kusini imepakana na Kosta Rika. Watu wake wengi husema Kihispania, nao hulima kahawa na mahindi, na kufuga ng'ombe.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 Nikaragua ilitawaliwa na jamaa moja, jamaa ya Somoza. Baba alitawala, kisha wanawe. Serikali ya Marekani iliwasaidia. Katika Julai 1979 wapiganaji walioitwa Wasandinista walimwondoa Somoza wa mwisho, wakaushika mji mkuu, Managua. Jina lao walilitwaa kutoka kwa Augusto Sandino, mtu aliyepigana na askari wa Marekani nchini humo, akauawa katika mwaka wa 1934.

Askari wengi wa Somoza walikimbilia Honduras. Huko wakaanza kujikusanya ili warudi kupigana na serikali mpya. Watu wakawaita Contra, maana yake "wapingaji." Baadaye waliingia pia wakulima wasioridhika na serikali mpya, na hata watu wengine waliokuwa zamani upande wa Wasandinista. Basi Contra hawakuwa watu wa namna moja. Wengine walikuwa askari wa dhalimu wa zamani, na wengine walikuwa watu wenye malalamiko ya kweli.

VITA VYAWA VYA SIRI

Katika Januari 1981 Ronald Reagan alishika urais wa Marekani. Yeye aliwaona Wasandinista kuwa ni rafiki za Kuba na Urusi ya Kisovieti, akahofu kwamba ukomunisti utaenea katika ukanda ule. Mwisho wa mwaka huo huo alilipa idhini Shirika la Ujasusi la Marekani, liitwalo CIA, liwasaidie Contra kwa fedha, silaha na mafunzo. Marekani haikutangaza vita. Mkulima wa Marekani aliyelipa kodi yake hakuambiwa kwamba sehemu ya kodi ile inakwenda kununua bunduki za vita katika nchi ya watu wengine.

Lakini siri kubwa haikai. Wajumbe wa Bunge la Marekani walipata habari, na wengi hawakupendezwa. Mjumbe mmoja, Edward Boland, alileta sheria. Katika mwaka wa 1982 Bunge lilikataza fedha zisitumiwe kwa kusudi la kuiangusha serikali ya Nikaragua. Hata hivyo, mapema katika mwaka wa 1984 ilijulikana kwamba CIA ilikuwa imesaidia kutega mabomu katika bandari za Nikaragua, na meli za nchi nyingine zilipatwa. Bunge lilikasirika. Katika Oktoba 1984 ilipitishwa sheria kali zaidi: CIA na idara nyingine za ujasusi zisitumie hata senti moja kuwasaidia Contra katika vita. Miaka miwili baadaye, katika Juni 1986, Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamua kwamba Marekani imevunja sheria ya mataifa kwa matendo yale.

Mwalimu, simama hapa kidogo. Uliza darasa: ikiwa bunge limefunga mfuko, je, vita vitakwisha?

Jibu ni hili. Mfuko ulifungwa, lakini vita havikwisha. Watu wa Ikulu ya Marekani walitafuta mfuko mwingine. Afisa mmoja wa jeshi, Oliver North, aliyefanya kazi katika ofisi ya Baraza la Usalama wa Taifa, alikuwa mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo. Waliomba fedha kwa wafalme na matajiri. Serikali ya Saudi Arabia peke yake ilitoa dola milioni 32. Tena waliuza silaha kwa siri kwa Irani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uajemi, na sehemu ya faida, dola milioni 3.8, ikapelekwa kwa Contra. Jambo hilo lilifanywa ingawa Marekani yenyewe ilikuwa ikiziambia nchi nyingine zisiiuzie Irani silaha.

Hiyo ndiyo mifuko mikubwa. Sasa tuje kwenye mfuko mdogo, ule uliofichwa chini ya mingine.

WAFANYA MAGENDO WALIINGIA VIPI?

Sikilizeni mfano. Tuseme kijiji kina chama cha ushirika, nacho kina lori moja. Kamati inataka kupeleka mahindi mahali fulani kwa siri, wanachama wasijue. Haiwezi kumtumia dereva wa kila siku, kwa maana atasema. Haiwezi kupita barabara kuu, kwa maana kuna kizuizi cha polisi. Haiwezi kuandika safari katika daftari. Basi itamtafuta dereva gani? Itamtafuta yule ajuaye njia za porini, aliyezoea kwenda usiku, asiyeuliza maswali. Na mtu huyo ni nani? Mara nyingi ni mfanya magendo. Naye atakubali upesi, hata kwa bei nafuu. Kwa nini? Kwa sababu lori likienda na mahindi, litarudi tupu, na lori tupu lenye ulinzi wa kamati ni mali kubwa kwake.

Ndivyo ilivyokuwa katika Amerika ya Kati. Katika miaka ile ile ya 1980 biashara ya kokeini ilikuwa ikikua sana. Kokeini ni dawa ya kulevya itengenezwayo kwa majani ya mmea uitwao koka, ambao hukua katika milima ya Peru, Bolivia na Kolombia. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa Kolombia, na soko kubwa lilikuwa Marekani. Nchi za Amerika ya Kati ziko katikati ya njia.

Mfanya magendo ya kokeini ahitaji nini? Ahitaji ndege ndogo, rubani hodari asiyeuliza maswali, kiwanja cha kutulia kilicho mbali na mji, na mkubwa wa serikali atakayefumba macho. Na vita vya siri vyahitaji nini? Vyahitaji ndege ndogo, rubani asiyeuliza maswali, kiwanja kilicho mbali na mji, na mkubwa wa serikali atakayefumba macho. Watu wawili watafutao njia moja usiku hawakosi kukutana njiani.

Mmoja wao alieleza jambo hili mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara wa kokeini aliyekaa Miami. Katika mwaka wa 1984 alishtakiwa kwa kesi ya dawa za kulevya. Baadaye aliwaambia wajumbe wa Seneti kwamba, baada ya kushtakiwa, aliwapa Contra wa upande wa Kosta Rika fedha na ndege, akitumaini kwamba kesi yake itapunguzwa uzito. Hakuwapenda Contra wala hakuwachukia Wasandinista. Alikuwa ananunua kinga.

USHAHIDI ULIOPATIKANA

Sasa, ndugu wanafunzi, tuingie katika kazi ya kupima maneno. Habari hizi si za barazani. Zilichunguzwa. Tutazitazama moja moja.

La kwanza. Katika Desemba 1985 waandishi wawili wa shirika la habari la Associated Press, Robert Parry na Brian Barger, waliandika kwamba baadhi ya vikundi vya Contra vinahusika na biashara ya kokeini. Serikali ilikana.

La pili. Katika Oktoba 1986 ndege ya mizigo iliyowapelekea Contra silaha ilipigwa ikaanguka ndani ya Nikaragua. Watu watatu walikufa. Mmarekani mmoja aliruka kwa mwavuli akakamatwa akiwa hai. Mwezi uliofuata gazeti moja la Lebanoni lilifichua habari za silaha za Irani. Kuanzia hapo mlango ukafunguka, na watu wengi wakaanza kuuliza maswali.

La tatu. Seneta John Kerry alisimamia kamati ndogo ya Seneti iliyochunguza mambo ya Contra na dawa za kulevya. Ripoti yake ilitolewa katika Aprili 1989. Kamati ilikuta kwamba watu waliokuwa wakiwasaidia Contra walihusika na biashara ya dawa. Kwamba vikundi vya wafanya magendo vilitumia njia zile zile za kuwapelekea Contra mizigo. Na kwamba baadhi ya Contra walipokea msaada wa fedha na vitu kutoka kwa wafanya magendo, hali wakijua. Tena ilikuta kwamba idara za serikali ya Marekani zilikuwa na habari hizo, ama mambo yakitendeka ama mara baada ya kutendeka.

Jambo moja katika ripoti ile yafaa likumbukwe na kila mtu. Katika mwaka wa 1985 Bunge liliruhusu dola milioni 27 ziwasaidie Contra, si kwa silaha, bali kwa chakula, nguo na dawa za hospitali. Wizara ya Mambo ya Nje ilifungua ofisi ya kuzigawa. Ofisi ile ililipa makampuni ya kuchukua mizigo. Kamati ya Kerry ilikuta kwamba makampuni manne kati ya hayo yalikuwa ya wafanya magendo ya dawa za kulevya, na yalilipwa zaidi ya dola 806,000 kwa jumla. Moja lilikuwa kampuni ya ndege ya Honduras iitwayo SETCO. Idara ya Forodha ya Marekani ilikuwa na habari tangu 1983 kwamba kampuni hiyo inahusiana na Juan Matta Ballesteros, mfanya magendo mkubwa wa Honduras. Lingine lilikuwa kampuni ya samaki ya Kosta Rika. Wengine kati ya watu hawa walilipwa wakati polisi wanawachunguza, na wengine walilipwa baada ya kwisha kushtakiwa.

Fikirini hapo. Mkono mmoja wa serikali unaandika hati ya mashtaka. Mkono wa pili wa serikali hiyo hiyo unaandika hundi ya malipo. Na jina ni la mtu yule yule.

La nne. Mapema katika mwaka wa 1983, katika bandari ya San Francisco, polisi waliwakamata watu waliokuwa wakishusha kokeini kutoka katika meli ya Kolombia. Wengine walikuwa wapiga mbizi, kwa hiyo watu waliiita "kesi ya vyura." Mmoja wa washtakiwa alikutwa na fedha. Viongozi wa kikundi kimoja cha Contra waliandika barua kusema kwamba fedha zile ni za chama chao. Serikali ilimrudishia zaidi ya dola 36,000.

La tano. Tangu mapema katika mwaka wa 1982 kulikuwa na mapatano ya maandishi baina ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani na mkuu wa CIA. Kwa mapatano hayo, CIA haikulazimishwa kuripoti makosa ya dawa za kulevya yaliyofanywa na watu wanaoisaidia kazi bila kuwa waajiriwa wake wa kawaida. Mapatano hayo yalikaa mpaka 1995. Watu hawakuyajua mpaka Machi 1998, Mkaguzi Mkuu wa CIA, Frederick Hitz, alipoyaeleza mbele ya wajumbe wa Bunge. Yaani, kutoona kuliandikwa katika karatasi na kutiwa sahihi.

USHAHIDI NA UVUMI

Mwalimu, simama tena. Waulize wanafunzi: mpaka hapa, je, tunaweza kusema kwamba CIA iliuza kokeini?

Yawezekana wengi watajibu, "Ndiyo." Ngojeni. Hapa ndipo pa kutumia yale maneno mawili tuliyoyaweka akiba.

Katika Agosti 1996 mwandishi Gary Webb, wa gazeti la San Jose Mercury News la California, aliandika habari ndefu kwa siku tatu. Alieleza habari za Wanikaragua wawili, Norwin Meneses na Danilo Blandón, waliouza kokeini California na kupeleka sehemu ya fedha kwa Contra. Alieleza pia jinsi kokeini ya Blandón ilivyomfikia mwuzaji mmoja mkubwa wa Los Angeles, ikageuzwa kuwa "kreki," yaani kokeini ya kuvuta kama moshi, inayouzwa kwa bei rahisi na kumtawala mtu upesi. Blandón mwenyewe alikuwa ametoa ushahidi mahakamani juu ya biashara yake.

Habari hiyo iliwachoma sana Wamarekani Weusi, kwa maana mitaa yao ndiyo iliyoharibiwa zaidi na kreki. Walikuwa wamewazika vijana wao. Walikuwa wamewaona wengine wakifungwa. Katika Novemba 1996 mkuu wa CIA, John Deutch, alikwenda mwenyewe Los Angeles, akasimama katika ukumbi wa shule mbele ya raia wenye hasira, akajibu maswali yao. Ni jambo lisilo la kawaida mkuu wa majasusi kusimamishwa na akina mama na wafanyakazi na kuulizwa, "Mlijua?"

Magazeti makubwa yaliishambulia kazi ya Webb. Yalisema kwamba ameongeza chumvi, na kwamba fedha zile hazikuwa nyingi kama alivyodokeza. Mwaka uliofuata mhariri wake mwenyewe alikiri kwamba habari ile ilikuwa na mapungufu. Webb akaacha kazi yake katika gazeti lile. Alifariki katika mwaka wa 2004.

Kisha wakaguzi wa serikali wakatoa ripoti zao katika mwaka wa 1998. Walisema nini? Walisema mambo mawili, nasi sharti tuyashike yote mawili, tusichague lile tulipendalo.

Jambo la kwanza: hawakupata ushahidi kwamba CIA, kama shirika, au waajiriwa wake, walifanya shauri na wafanya magendo ili kuingiza dawa za kulevya Marekani. Tena walikuta kwamba fedha ambazo Meneses na Blandón waliwapa Contra zilikuwa kidogo.

Jambo la pili: CIA iliendelea kufanya kazi na watu kadhaa walioshtumiwa kwa biashara ya dawa, wala haikukata uhusiano nao upesi, na mara nyingine haikuzifuata shutuma hizo ili kujua ukweli wake.

Basi mtu akisema, "CIA ilipanga kuwaua watu Weusi kwa kreki," mwulize, "Ushahidi uko wapi?" Huo haujapatikana. Na mtu mwingine akisema, "Hayo yote ni uvumi mtupu, hapana kitu," mwambie, "La hasha. Soma ripoti ya Seneti. Soma hesabu ya dola 806,000. Soma mapatano ya 1982." Wote wawili wamekosea. Mmoja amezidisha, na mwingine amepunguza. Ukweli uko kati yao, nao ni mbaya kutosha bila ya kutiwa chumvi: wakubwa waliona vita vyao ni muhimu kuliko sheria ya dawa za kulevya, wakafumba macho.

NANI ALILIPA?

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Nani alilipa?

Nikaragua ililipa. Inakisiwa kwamba watu wapata 30,000 walikufa katika vita vile, katika nchi ndogo yenye watu wachache. Shule na zahanati za vijijini zilichomwa, na wakulima wengi walihama mashamba yao. Vita vilikwisha baada ya uchaguzi wa Februari 1990, Wasandinista waliposhindwa kwa kura na mama mmoja, Violeta Chamorro, akawa rais. Kiongozi wa Wasandinista, Daniel Ortega, alirudi katika urais katika mwaka wa 2007.

Maskini wa miji ya Marekani walilipa. Katika Oktoba 1986, mwezi ule ule ndege ya silaha ilipoangushwa, Marekani ilipata sheria mpya ya dawa za kulevya. Mtu aliyekamatwa kwa biashara ya gramu 5 tu za kreki alipata kifungo cha miaka 5 bila kupungua. Gramu 5 ni kiasi cha kijiko kidogo cha sukari. Mwenye kokeini ya unga hakupata kifungo hicho mpaka awe na gramu 500. Wengi waliofungwa kwa kreki walikuwa Weusi. Sheria ile haikulegezwa mpaka 2010. Basi linganisheni: kijana wa mtaani kwa kijiko kimoja, miaka mitano, kampuni ya mfanya magendo yenye ndege, hundi ya serikali.

Na wakubwa je? Oliver North alipatikana na hatia katika mwaka wa 1989, kwa makosa matatu yaliyohusu habari za Irani na Contra. Mahakama ya rufani iliitengua hukumu, na mashtaka yakafutwa katika mwaka wa 1991. Siku moja kabla ya Krismasi ya 1992, Rais George Bush, yule mzee, aliwasamehe watu sita wengine, pamoja na aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Caspar Weinberger.

Tena jambo hili halikuanza Nikaragua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wafaransa walipokuwa wakipigana katika Indochina, idara yao ya siri ilinunua afyuni ya watu wa milimani na kuiuza, ili kupata fedha za kuwalipa wapiganaji wa kienyeji. Bunge la Paris halikutoa fedha za kutosha, basi afyuni ikatoa. Nchi nyingine, miaka mingine, lakini njia ni ile ile.

TUMEJIFUNZA NINI?

Kwanza, kazi ya siri hukaribisha watu wa siri. Mwenye nyumba akiacha mlango wa nyuma wazi usiku kwa ajili ya rafiki yake mmoja, asishangae mwizi akipita hapo hapo.

Pili, sheria ya bunge juu ya fedha si karatasi tu. Wajumbe walipofunga mfuko, walikuwa wakisema kwa niaba ya raia: vita hivi hatuvitaki. Wakubwa walipotafuta mfuko mwingine, hawakuwa wakilikwepa bunge peke yake. Walikuwa wakimkwepa mlipa kodi.

Tatu, yaliyofichwa yalifunuliwa na kusoma na kuandika. Hayakufunuliwa na uganga. Mtu mmoja aliweka hati za malipo. Mwingine aliweka barua iliyoomba fedha za San Francisco. Mwingine alizisoma moja moja, akajumlisha, akapata 806,000. Mwenye kujua kusoma daftari hawezi kudanganywa kwa urahisi kama asiyejua.

Hii ndiyo sababu, ewe mwanafunzi, unasumbuka jioni hii na herufi na hesabu baada ya kazi ya mchana kutwa. Chama chako cha ushirika kina daftari. Shule ya watoto wako ina daftari. Uombe kuliona. Usome mstari kwa mstari. Ukikuta malipo yasiyoelezeka, usipige kelele za uvumi, wala usinyamaze. Uliza kwa adabu, na uandike jibu ulilopewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Nikaragua iko wapi? Imepakana na nchi gani?
2. Kwa nini Bunge la Marekani lilikataza fedha za vita, na wakubwa walifanya nini baada ya hapo?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini vita vya siri na magendo hutumia njia moja.
4. Katika somo hili, taja jambo moja lenye ushahidi, na neno moja lililosemwa na watu bila ya ushahidi.
5. Hesabu: kreki, gramu 5, kokeini ya unga, gramu 500. Ya pili ni mara ngapi ya kwanza?
6. Andika barua fupi kwa katibu wa chama chako, ukiomba kwa heshima kuonyeshwa hesabu za mwaka.

Mwalimu azisahihishe barua hizo, na zile zilizo nzuri zisomwe kwa sauti mbele ya darasa. Na zile ambazo wenyewe wako tayari kuzipeleka, basi na zipelekwe.